Ruhusa ya Mtani

1

Siku mvua yote ya Bonde la Nyamilenge ilipofutwa kwa bahati mbaya, hakuna aliyekasirika, na hilo ndilo lililomnyima raha Sikudhani Kihwele.

Ilikuwa hivi. Mama mmoja wa Kilimani, ambaye jina lake tutalihifadhi kwa sababu bado anauza maandazi mazuri, alikuwa ameanika ulezi. Alifungua tovuti ya Mvua Yetu akaona eneo lake limepangiwa nusu saa ya manyunyu asubuhi ile. Badala ya kuomba isogezwe, kama tovuti inavyoelekeza, alipita ofisini, akaketi kwenye kompyuta ya kamati, akaingia moja kwa moja kwenye kanzidata na kufuta. Alidhani amefuta mstari wake mmoja. Kumbe amefuta kalenda nzima. Vishada elfu mbili vilivyokuwa angani, vile vinavyokusanya mawingu na kuyatia chaji ili matone yashikane na kuanguka, vilisoma kalenda vikaikuta tupu, vikajiona havina kazi, vikajiendea na upepo. Mafundi walivifuata kwa pikipiki mpaka wilaya ya tatu. Kimoja kilikutwa juu ya paa la kanisa, na padre akakataa kisishushwe mpaka amalize mahubiri.

Bonde zima lilivunjika mbavu. Mama wa maandazi alikuja mwenyewe kukiri, na sinia limejaa, na kamati ikamsamehe kabla sinia halijafika nusu. Sikudhani naye alicheka. Alikuwa msimamizi wa kanzidata ile kwa miaka kumi na mmoja, tangu Wavu wa vishada upandishwe, na alipenda watu wake. Lakini baada ya kula maandazi matatu alifungua kumbukumbu za mtambo ili aandike ripoti, na kicheko kikamkauka.

Aliyefuta kalenda alikuwa mtumiaji aitwaye mkuu. Aliyeongeza mvua ya Jumapili alikuwa mkuu. Aliyepunguza ya Jumatano, mkuu. Wanakamati walikuwa mkuu, mafundi walikuwa mkuu, na tovuti yenyewe, ambayo watu elfu sita waliitumia kuomba mvua, iliingia kwenye kanzidata kwa jina la mkuu. Nywila yake iliandikwa kwa chaki juu ya mlango wa ofisi ili watu wasihangaike kubisha hodi. Huko Nyamilenge, kumnyima mtu nywila kulionekana kama kumnyima chumvi. Unamwangaliaje usoni kesho yake? Kwa hiyo kwa miaka kumi na mmoja mtu yeyote mwenye vidole aliweza kuifanya mbingu apendavyo, na kilichowaokoa ni kwamba wengi wao walikuwa na shughuli nyingine.

"Mama Nyenza," Sikudhani alimwambia mwenyekiti wa kamati, "siku moja ataingia mtu asiyeuza maandazi."

Mama Nyenza alikuwa mwanamke mfupi, mwalimu mstaafu wa hisabati, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Tenganisha," alisema. "Kila mtu awe na mlango wake, na kila mlango uwe na kikomo. Unaweza kumaliza kabla ya Jumamosi?"

Ilibidi amalize kabla ya Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku mdogo wake, Onorata, alikuwa anaolewa huko Bondeni, upande wa chini wa bonde, na siku hiyo hakuna mtu angegusa kompyuta.

2

Alhamisi asubuhi Sikudhani alifuta chaki mlangoni kwa kitambaa kibichi, akajifungia na birika la chai, akaanza.

Kazi yenyewe ilimfurahisha kuliko alivyotegemea. Alianza na akaunti ya tovuti. Aliiruhusu isome kalenda na kuongeza maombi mapya, basi. Isifute, isibadilishe ombi la mtu, isijenge wala kubomoa jedwali lolote. Vishada navyo akavipa akaunti yao: kusoma tu, tena kalenda peke yake, kwa maana kishada hakina haja ya kujua jina la mtu wala idadi ya watoto wake. Mafundi wakapata ruhusa ya kuandika hali ya vishada. Wanakamati wakapata ya kukubali au kukataa ombi, kila mmoja kwa jina lake, ili atakayeharibu asikae na wenzake akiuliza nani ameharibu.

Alikuwa amefika hapo mlango uliposukumwa bila hodi. Aliyeingia ni Leokadia Komba, fundi mkuu wa vishada vya Bondeni, mama wa miaka hamsini na mitano mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Leokadia alikuwa Mngoni, kama wengi wa Bondeni. Sikudhani alikuwa Mhehe, kama wengi wa Kilimani. Mababu zao walipigana vita ambavyo hakuna aliyeshinda, na kwa kuwa hakuna aliyeshinda, wajukuu walibaki watani, wenye haki ya kutukanana mchana kweupe na kugawana chakula jioni.

"Kamwene, mtumwa wangu," alisema Leokadia kwa salamu ya Kihehe, akijikalisha juu ya meza. "Nimesikia mnagawa vyeo, nikasema niwahi kabla Wahehe hawajavimaliza."

"Karibu, mtani. Miguu imepoa? Maana babu zako walivyokimbia, nilijua hata wewe utakuwa bado njiani."

"Walikuwa wanakimbia harufu ya ulanzi, pombe yenu ya mianzi. Haya, nieleze, unafanya nini hapo? Mbona tovuti umeinyang'anya kila kitu, masikini?"

"Tovuti ni mgeni," alisema Sikudhani. "Mgeni namkaribisha sebuleni, namwekea chai, akiwa na shida ananiambia. Lakini haendi jikoni kufunua masufuria. Kila mtu ana hicho anachohitaji kwa kazi yake na si zaidi. Mtu akiiba jina la tovuti, ataishia sebuleni."

Leokadia alitikisa kichwa kukubali, ameelewa. Alikuwa fundi hodari na mambo hayakumpita. "Na watani?"

"Watani wamefanya nini?"

"Watani akaunti yao iko wapi?"

Sikudhani alicheka mpaka chai ikamwagika. Leokadia hakucheka, na kwa Leokadia hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Sikiliza, Sikudhani. Walipokuwa wanamzika mzee Lunyungu, nani alilala barabarani mbele ya jeneza?"

"Wewe."

"Kwa nini?"

Kila mtu alijua kwa nini. Watoto wawili wa marehemu walikuwa hawasemezani kwa ajili ya shamba, na walibeba jeneza la baba yao kila mmoja akiangalia upande wake. Leokadia alijilaza kwenye vumbi na vitenge vyake, akapiga kelele kwamba haondoki mpaka hao majogoo wawili waseme mbele za watu wanagombea nini. Watu wakacheka, majogoo wakaona haya, wakasema, na mbele ya kaburi wakapatana.

"Angelala mwenyekiti pale, ingekuwa fujo," alisema Leokadia. "Angelala polisi, ingekuwa kesi. Nimelala mimi, imekuwa kicheko, na jambo limekwisha. Sasa wewe umegawa ruhusa ya kusoma, ya kuandika, ya kukubali. Ya kulala barabarani umempa nani?"

"Mtani, vitabu vyote nilivyosoma vina kusoma, kuongeza, kubadilisha na kufuta. Kutania hakumo."

"Basi vimeandikwa na watu wasio na watani. Wape pole."

Akaondoka na andazi la mwisho.

Sikudhani alirudi kwenye kazi, lakini jambo lile lilimganda. Mwanzo alijiambia anamtengenezea mtani wake kitu cha kumnyamazisha. Baada ya saa moja alikuwa amesahau kula. Akaunti ya mtani haikuweza kubadilisha neno hata moja kwenye kalenda. Iliweza jambo moja: mtu akiigusa mvua iliyobakiza chini ya siku mbili, mtani apate taarifa, na akitaka, aweke kizuizi. Kizuizi kikiwekwa, kalenda inarudi ilivyokuwa, na haiguswi tena mpaka aliyeigusa ajieleze mbele za watu. Hakuweka nafasi ya kuandika sababu. Aliweka nafasi ya kuandika kejeli, isiyopungua maneno kumi, na kejeli hiyo itokee kwenye simu za bonde zima. Akaunti zikawa mbili, moja ya Leokadia kwa upande wa Wangoni, nyingine ya mzee Kikoti, Mhehe mwenye ulimi mkali kuliko wote, ili asikose mtu wa kuwatania Wangoni.

Alifikiria kumwondoa mkuu kwenye sheria hiyo, lakini ingebidi aandike mistari mingine mitano, na mikono ilikuwa imechoka. Akaacha itumike kwa wote.

3

Ijumaa saa saba mchana milango yote ilikuwa tayari isipokuwa mmoja. Akaunti ya mkuu, ile inayoweza yote, Sikudhani aliipa nywila mpya aliyoijua yeye peke yake. Kwa muda tu, alijiambia, mpaka harusi ipite na kamati ikae iamue.

Mama yake alimkuta akinyoosha mgongo. Mama Kihwele alikuwa amebeba begi kubwa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na gauni la Onorata, ambalo alilishona mwenyewe kwa miezi minane, ushanga mmoja mmoja, kwa macho yanayohitaji miwani miwili.

"Mwanangu, nimeangalia tovuti," alisema akiwa bado amesimama. "Kesho kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, Bondeni kote, mvua kubwa."

"Ndiyo, mama. Kaya arobaini na moja zimeomba. Maharage yametoa maua."

"Na ibada inaisha karibu na saa nane. Tunatoka kanisani kwenda uwanjani."

"Najua, mama."

Turubai halikuwa la kufikiria. Vishada vikishuka kukamua wingu huja na upepo wao, na turubai la harusi ya mwaka juzi lilikutwa Makambako. Ukumbi wa parokia unaingiza watu themanini, na Mama Kihwele alikuwa amealika mia sita, mbali na wale aliowasahau.

"Kwani ufunguo si unao wewe?" aliuliza mama yake taratibu.

Sikudhani alijimiminia chai iliyokwisha poa.

"Miaka kumi na mmoja sijakuomba kitu cha ofisini. Hata mchicha wangu ulipokauka nilipanga foleni kwenye tovuti kama wengine. Nataka nimwone mwanangu anatembea na gauni lile juani. Mara moja tu. Mwaka kesho macho haya yataona nini?"

Hakulia, na hakung'ang'ania. Aliweka begi juu ya kiti, akaenda kununua hiliki. Angelia, ingekuwa rahisi zaidi.

Sikudhani alifungua ramani ya mawingu. Kulikuwa na kundi moja tu linalokuja, nene, la kijivu, litakalovuka bonde kesho mchana. Lifuatalo lilikuwa mbali kwa siku tisa, na maua ya maharage hayakai siku tisa, yanapukutika. Akipeleka mvua saa kumi na mbili jioni, mawingu mengi yatakuwa yameshavuka ukingo wa mlima na itabaki theluthi.

"Theluthi si haba," alisema kwa sauti, na sauti yake mwenyewe haikumwamini.

Alijua majina ya zile kaya. Alijua wa kwanza kwenye orodha ni baba mkwe wa Onorata. Lakini pia aliijua mikono ya mama yake, ilivyojaa alama za sindano, na wakati ule mikono ile ilikuwa karibu zaidi. Akaingia kwa jina la mkuu. Akaandika mstari mmoja. Akabonyeza. Mkuu haulizwi kitu, kwa hiyo hakuulizwa, na mvua ya Bondeni ikahamia jioni bila kelele yoyote.

Alikaa dakika kumi akijisikia vibaya kwa utulivu. Kisha simu yake ikalia, na ya jirani ikalia, na nje kwenye kibanda cha maandazi zikalia simu nyingi kwa pamoja. Akasoma:

KIZUIZI CHA MTANI. *Wahehe walikimbia vita vyetu, sasa wanakimbia na manyunyu. Sikudhani Kihwele, unaogopa nini kulowa, kwani wewe sukari? Mvua imerudi saa nane. Kesho nakusubiri barabarani uje ujieleze, na usiniletee ulanzi uliochacha.*

Kibandani watu walilipuka kwa kicheko. Mtu alirudia neno sukari kwa sauti nyembamba na kicheko kikaanza upya.

Uso ulimwaka moto. Kwanza alikasirika, tena alimkasirikia Leokadia, kwa ruhusa aliyompa yeye mwenyewe jana yake. Akaandika mstari mwingine: *ondoa mtumiaji mtani*. Ulikuwa mfupi kuliko wa kwanza. Angebonyeza tu, na kizuizi kingeondoka pamoja na mwenye kukiweka. Angeweza hata kufuta kumbukumbu, pasionekane kwamba aliwahi kuwepo mtani. Kidole kikakaa juu ya kitufe.

Alipokuwa anausoma mstari ule mara ya pili ndipo alipoona alichokifanya siku zile mbili. Zamani kila mtu bondeni alikuwa mkuu, na kila mmoja aliweza kuharibu. Yeye alikuja na kitambaa chake kibichi, akawanyang'anya wote ukuu huo, akabaki nao peke yake. Aliwajengea watu milango mizuri yenye vikomo, na wake ukawa hauna. Na mtu mwenyewe aliyeaminiwa hivyo alihitaji mama mmoja mwenye gauni ili ahamishe mvua ya kaya arobaini na moja.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Onorata, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, simu mkononi, machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Dada! Eti sukari!" Alijitupa kwenye kiti, akakaa juu ya begi la gauni, akaruka. "Ni kweli? Ulihamisha?"

"Mama alitaka utembee juani."

"Mama nitaongea naye." Onorata alijifuta macho, akamwangalia dada yake vizuri, akaacha kucheka. "Dada, mimi naolewa na mkulima wa maharage. Ulifikiri mwaka mzima nitakula nini, ushanga?"

Sikudhani alitaka kujibu, lakini kicheko kilimtoka badala ya jibu, kikatoka na machozi ya haya, na dada wawili wakashikana mabega wakacheka mpaka mama wa maandazi akachungulia dirishani kuuliza kama wako salama. Alipotulia, alifuta mstari ule herufi moja moja, kuanzia mwisho, mpaka kioo kikabaki cheupe.

"Nenda kamalizie nywele," alisema. "Mimi bado nina mlango mmoja."

4

Jumamosi saa nane kasoro robo, bwana na bibi harusi walitoka kanisani wakakuta barabara ya uwanjani imezibwa na gogo. Juu ya gogo alikaa Leokadia Komba, amevaa koti la mvua juu ya kitenge cha harusi, na nyuma yake Wangoni kama mia wakipiga makofi ya lizombe, ngoma yao. Mawingu yalikuwa yameshafika. Vishada vilionekana vikijipanga chini yake, vidogo, vyeupe, maelfu mawili.

"Hapiti mtu!" Leokadia alinguruma. "Yuko wapi sukari?"

Watu mia sita walitoa njia. Sikudhani alitembea katikati yao na gauni lake la njano, kishikwambi cha ofisini kwapani. Nyuma yake mama yake alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nimefika, mtani."

"Eleza."

"Jana nilihamisha mvua ya kaya arobaini na moja," alisema, na aliposikia sauti yake haikatiki akaongeza nguvu. "Hakuna aliyeniomba kwa njia inayotakiwa. Nilitaka harusi yetu iwe kavu. Nilijua maharage yatapata theluthi, nikasema theluthi si haba. Mngekuwa hamna Leokadia, msingejua. Naombeni radhi."

Baba mkwe wa Onorata, mzee mrefu asiyependa maneno, alijikuna kidevu. "Theluthi ni haba," alisema, na umati ukaangua kicheko, na Sikudhani akajua amesamehewa.

"Bado faini!" Leokadia alipaza sauti. "Sitaki jogoo wenu, jogoo wa Kihehe ana mifupa mitupu. Sitaki ulanzi. Nataka..."

"Najua unataka nini," Sikudhani alisema. "Nimekuja nacho."

Aliweka kishikwambi juu ya gogo, akamwita Mama Nyenza. Nywila ya mkuu, alieleza, sasa itakuwa na vipande viwili. Kimoja atakiandika mtu wa Kilimani na kingine mtu wa Bondeni, na hakuna atakayeona cha mwenzake. Siku ikitokea shida inayomhitaji mkuu, itabidi watani wawili waketi meza moja wakubaliane. Yeye atabaki na akaunti yake mwenyewe: kufungulia watu wapya milango, kutunza nakala, kusoma. Kalenda ya mvua hataweza kuigusa.

"Mhehe na Mngoni wakubaliane!" alisema mzee Kikoti kutoka nyuma. "Basi huyo mkuu kafa."

"Hafi, analala tu," alijibu Mama Nyenza, akainama juu ya kishikwambi. "Leokadia, geuka huko."

"Nigeuke nikuachie mgongo? Babu yangu alinionya."

"Geuka, mama, mvua inakuja!"

Leokadia aligeuka. Mama Nyenza aliandika chake, midomo ikichezacheza, na watu wakasema bila shaka ni jedwali la kuzidisha. Kisha akageuka yeye, na Leokadia akaandika chake kwa kidole kimoja, taratibu mno, akisimama kila herufi kumwangalia Mama Nyenza kwa dharau. Wapiga makofi walizidi kukoleza. Kikabaki kitufe cha mwisho, kile cha kukubali, na kile kilikuwa cha Sikudhani, maana hakuna mwingine aliyeweza kumvua ukuu aliouvaa.

Alidhani kitamuuma. Alikibonyeza, na kilichomjia kilikuwa furaha tupu, ya kumfanya atake kumkumbatia mtu yeyote, akamkumbatia Leokadia kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

"Toeni gogo!" Leokadia aliamuru akiwa bado amekumbatiwa. "Bibi harusi apite!"

Saa nane kamili vishada vilishuka. Ulikuja upepo, vitambaa vikaruka, kisha tone moja, kisha mvua yote kwa pamoja, nzito, ya uvuguvugu, ikipiga migomba na mabati na vichwa mia sita vilivyosukwa. Watu walipiga yowe. Onorata alisimama katikati ya barabara, akatandaza mikono, akaelekeza uso juu. Gauni la miezi minane lilimshika mwilini, ushanga ukimeremeta kwa maji, tope likimpanda mpaka magotini, na mumewe akicheka pembeni yake huku akilitazama shamba la maharage la baba yake kwa wizi.

Mama Kihwele alisimama chini ya mchongoma, mkono mdomoni. Alilia kidogo, haikosi. Kisha aliivua miwani, kwa kuwa ilikuwa haina kazi tena, akamtazama mwanawe hivyo hivyo kwa ukungu. "Jamani," alisema kwa mshangao, "anang'aa." Akakunja kitenge kiunoni, akaingia kwenye duara la lizombe na wakwe zake, hajui hatua hata moja.

Sikudhani alibaki ukingoni, kishikwambi amekificha chini ya kitenge. Kwa miaka kumi na mmoja, kila ilipokuwa ikinyesha, alikuwa ndani ya ofisi akitazama namba, tayari kuongeza, tayari kupunguza. Mkono ulikuwa umezoea, na hata sasa vidole vilichezacheza vikitafuta kitu cha kurekebisha.

"Mtani!" Leokadia alimwita kutoka kwenye duara, maji yakimchuruzika kidevuni. "Mbona umesimama kama kigingi? Inatulowesha hii! Isimamishe basi!"

"Siwezi!" Sikudhani alijibu kwa sauti kubwa, na hajapata kutamka neno tamu kama lile maishani mwake. Akamkabidhi mama wa maandazi kishikwambi, akavua viatu, akaingia mvuani.